Probox Kuukuu za Ikonge na Msako wa Spea za Japani

Utamaduni wa magari ya barabarani nchini Japani umejulikana duniani kwa sura yake yenye kung'aa zaidi, yaani magari ya mbio yaliyoshushwa hadi kukaribia kugusa lami, rangi zisizotoka kiwandani, na mikusanyiko ya usiku katika maegesho ya Daikoku, mjini Yokohama, ambako wenye magari huja kuonyeshana injini na kuulizana rimu zilikonunuliwa. Sura ya pili, ambayo watalii hawaipigi picha, ni ile ya gari la kazi linalomaliza muda wake wa kutumikia kampuni, likauzwa mnadani, likapakiwa melini, kisha likaishi ng'ambo maisha marefu kuliko yale ya kwanza. Sura hiyo haionekani vizuri Tokyo. Anayetaka kuiona kwa karibu hana budi kufika katika vituo vya biashara vya nyanda za juu za Gusii, na Ikonge ni mojawapo.

Ikonge imo katika Kaunti ya Nyamira, kwenye barabara inayotoka Chebilat, mpakani na Bomet, kuelekea Chabera katika Kaunti ya Homa Bay. Ni nchi ya majani chai, ndizi na mvua nyingi, yenye njia za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka vilima kutoka barabara ya lami hadi vituo vya kupimia chai, na mgeni anayeingia humo kutoka Nyamira au Kisii mara nyingi huingia akiwa ndani ya Toyota Probox. Gari hilo hubeba wanafunzi, wagonjwa, mikungu ya ndizi, magunia ya sukuma wiki na saruji, na katika hafla za mazishi hubeba viti, sufuria na wapishi wenyewe. Katika Kenya nzima jina la Kisii na jina la Probox hutajwa pamoja kwa utani, na utani huo, ingawa wakati mwingine una kejeli, umejengwa juu ya jambo la kweli: hakuna gari lililozoea vilima hivi kuliko hilo.

Kabla yake kulikuwa na Peugeot 504, iliyowahi kuunganishwa Mombasa na kutawala safari za teksi za pamoja kwa miaka mingi, na baadaye Toyota Corolla za miaka ya 1980. Kulegezwa kwa masharti ya biashara ya nje mapema katika miaka ya 1990 ndiko kulikofungua mlango wa magari yaliyotumika, na kwa kuwa Wakenya huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Wajapani, usukani ukiwa kulia, Japani ikawa chimbuko ambalo hakuna nchi nyingine ingeweza kushindana nalo. Sifa ya magari ya Kijapani ilikuwa imetangulia kujengwa na mashindano ya Safari Rally, ambayo Datsun ilishinda mwaka wa 1970, Joginder Singh akashinda mwaka wa 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer, Shekhar Mehta akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun, na Toyota Celica ikafuata kuanzia mwaka wa 1984. Mkulima wa chai hakuhitaji tangazo lolote la biashara baada ya hapo.

Probox yenyewe ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 2002, ikichukua nafasi ya Corolla ya mizigo, na haikukusudiwa kumpendeza mtu. Ilikuwa gari la mchuuzi wa kampuni, fundi wa umeme au mpeleka vifurushi, lenye sehemu ya nyuma iliyo bapa na pana ili maboksi yapangike bila kupoteza nafasi. Ekseli ya nyuma ni kipande kimoja kigumu, kilichoegemezwa kwenye springi za koili na kushikiliwa na mikono ya chuma yenye bushi, yaani vipande vya raba vinavyozuia chuma kusagana na chuma. Injini zilizoenea zaidi ni mbili: 2NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,298 na 1NZ-FE ya 1,497, zote zikitumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, jambo linalomwondolea mwenye gari gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya muda.

Sababu za gari kama hilo kuondoka Japani likiwa bado na nguvu ni za kisheria zaidi kuliko za kiufundi. Kila gari nchini humo hupitia ukaguzi wa serikali uitwao shaken, ambao huambatana na kodi ya uzito na bima ya lazima. Gari la kawaida la abiria hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2, lakini gari dogo la mizigo, na Probox nyingi zimesajiliwa hivyo, hukaguliwa baada ya miaka 2 ya kwanza na kisha kila mwaka, kwa hiyo kampuni hupiga hesabu mapema na kuliuza. Sheria ya kurejeleza magari iliyoanza kutumika Januari 2005 huongeza msukumo mwingine: mwenye gari hutozwa ada ya kugharamia kuondolewa kwa gesi ya kipoza hewa, mifuko ya hewa na mabaki ya kusagwa, na ada hiyo hurudishwa gari linaposafirishwa nje ya nchi. Gari likifika mnadani hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama na mchoro wa mwili unaoonyesha kila mkwaruzo na kila bati lililogongwa, na wauzaji wa nje, kama BE FORWARD ya Tokyo iliyoanzishwa mwaka wa 2004, hununua humo na kupakia meli za kwenda Mombasa.

Upande wa Kenya una mlango wake. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hukataza kuingizwa kwa gari lililosajiliwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 8 iliyopita, na kila Januari mwaka unaoruhusiwa husogea mbele. Mwaka wa 2022 ni magari yaliyosajiliwa kuanzia 2015 pekee yaliyokubaliwa. Mwaka wa 2025 mpaka ulikuwa 2018. Toyota ilikuwa imeibadilisha Probox mwaka wa 2014, ikaipa sura nyingine, ikaondoa giaboksi ya mkono, na kuweka giaboksi ya CVT, ambayo hubadilisha mwendo kwa mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili badala ya kwa meno. Matokeo ya mambo hayo mawili, mpaka wa miaka 8 na badiliko la 2014, yakiwekwa pamoja hayasemwi sana, lakini ndiyo kiini cha habari hii yote: Probox ya umbo la zamani, ile yenye klachi na giaboksi ya gea 5 ambayo madereva wa Gusii huiamini, haiwezi tena kushushwa Mombasa ikiwa nzima. Zilizoko ndizo zitakazokuwapo. Kinachoweza kuendelea kuvuka bahari ni vipande vyake, na kwa hiyo maisha ya usafiri katika vilima vya Ikonge yamegeuka kuwa suala la spea.

Mahitaji hayo ya spea hayafanani na ya Japani, kwa sababu mzigo haufanani. Mtengenezaji aliikadiria Probox kubeba kilo 400 za mizigo pamoja na watu 2, na pungufu ya hapo watu wanapokuwa 5. Na kwa kuwa hesabu rasmi ya Kijapani humpa kila mtu kilo 55, jumla inayokusudiwa ni takriban kilo 510. Dereva mmoja na abiria 9, kila mmoja akikadiriwa kilo 65, ni kilo 650 kabla ya mkungu wa kwanza wa ndizi kuwekwa nyuma, na idadi hiyo si ya ajabu kwa yeyote aliyewahi kusafiri katika kaunti hizi siku ya soko, akiona abiria wanne wakibanana kiti cha nyuma, wengine wakikunjamana kwenye buti, na mmoja akigawana kiti na dereva hivi kwamba kila gea inapobadilishwa lazima asogeze goti. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haina subira na mpangilio huo, wala haipaswi kuwa nayo. Hata hivyo, kwa anayechunguza spea, mzigo huo ndio unaoeleza kwa nini bushi za mikono ya chini ya mbele, shokomzoba, boljointi, beringi za magurudumu na springi za nyuma ndizo bidhaa zinazouzwa haraka zaidi katika maduka ya spea ya eneo hili, wakati vioo na mapambo hukaa rafuni hadi vumbi liyafunike.

Udongo nao una deni lake. Tope jekundu hukauka likawa gumu kwenye buti, yaani raba iliyokunjwa-kunjwa inayofunika kiungo cha shafti ya gurudumu na kuhifadhi grisi ndani yake. Raba hiyo ikipasuka, mchanga huingia, grisi hutoka, na baada ya muda mfupi gari huanza kulia tak-tak-tak kila linapokata kona. Fundi hahitaji kompyuta kwa ugonjwa huo. Hulizungusha gari polepole, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, husikiliza upande unaolia, kisha hulala chini na kushika shafti kwa mkono, akiitikisa mbele na nyuma ili kupima nafasi iliyolegea. Ikiwa raba imepasuka lakini chuma hakijaumia, hubadilisha raba pekee. Ikiwa chuma kimelika, atampeleka mwenye gari kutafuta shafti nzima, na hapo ndipo msako unapoanza.

Msako huo una elimu yake, na si haki kuiita kubahatisha. Gari la Kijapani lililotengenezwa kwa soko la ndani halina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Ulaya na Marekani, bali lina namba fupi ya chesisi, yenye msimbo wa modeli, kistari, na tarakimu za mfuatano, ambayo imepigwa kwenye bati la ukuta wa injini na kuandikwa pia kwenye kibati cha mtengenezaji. Msimbo huo ndio unaosomwa kwanza. NCP50 ni Probox yenye injini ya 1.3 na kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele. NCP51 ni ile ya 1.5, NCP55 ina injini hiyo hiyo ya 1.5 lakini huendeshwa kwa magurudumu yote manne. NCP160 ni ya umbo jipya la kuanzia mwaka wa 2014. Muuzaji wa spea anayeambiwa tu "nataka shokomzoba ya Probox" atauliza swali la pili papo hapo, na asipouliza, mnunuzi ana sababu ya kuingiwa na wasiwasi.

Tabaka la pili la elimu hiyo ni namba ya kipande chenyewe. Toyota hugawa namba zake katika mafungu mawili ya herufi au tarakimu 5, na fungu la kwanza hutaja aina ya kipande bila kujali gari: 04465 ni pedi za breki za mbele, 04495 ni viatu vya breki za nyuma, 48510 ni shokomzoba ya mbele kulia na 48520 ya kushoto. Fungu la pili hutenganisha gari moja na jingine. Fundi aliyezoea huweza kutazama lebo ya boksi lililoandikwa Kijapani kitupu, asiijue hata herufi moja, na bado akajua kilichomo ndani na iwapo kinafaa.

Tabaka la tatu, ambalo pengine ndilo lililoifanya Probox ishinde magari mengine, ni undugu wa injini. Injini ya 1NZ-FE haikufungwa kwenye Probox peke yake. Imo katika Vitz, Corolla Fielder, Premio, Allion, Ist na Sienta za miaka hiyo, na binamu yake, 1NZ-FXE, ndiyo iliyoendesha Prius ya kwanza ya mwaka wa 1997 na baadaye Aqua. Koili ya plagi, pampu ya maji, kihisi cha hewa au gasketi ya kichwa cha injini inayotafutwa Ikonge inaweza kutoka kwa gari la harusi lililogongwa Nairobi. Nissan AD, mshindani wake wa jadi, nayo ni gari zuri, lakini katika vilima hivi gari zuri ni lile ambalo spea yake hupatikana kabla jua halijatua, na kwa kipimo hicho hakuna ubishi wa maana uliobaki.

Spea zenyewe hugawanywa kwa lugha ya soko katika makundi ambayo kila mnunuzi huyajua. Kuna orijino, yaani iliyotengenezwa na Toyota au na kampuni inayoiuzia Toyota kiwandani. Kuna mpya zisizo za Toyota, zenye ubora wa kila namna, kutoka kampuni za Kijapani zenye heshima hadi bidhaa zisizo na jina la maana. Na kuna eksi-Japani, yaani kipande kilichotumika, kilichofunguliwa kutoka kwa gari lililovunjwa Japani. Mgeni hushangaa kuona kwamba kundi hili la tatu mara nyingi hupendwa kuliko la pili, na wakati mwingine huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Mantiki yake ni nyepesi: mkono wa chini uliofanya kazi miaka kadhaa kwenye lami ya Saitama, ukibeba mtu mmoja na maboksi ya karatasi, una uhai mwingi uliobaki kuliko mkono mpya uliotengenezwa kwa chuma laini ili uuzwe rahisi.

Ununuzi wa injini ya eksi-Japani unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndio unaomgharimu mwenye gari zaidi. Injini hufika ikiwa imekauka, oili ikiwa imemwagwa, nyaya zake zimekatwa kwa koleo na kufungwa kando, na ubavuni ina tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu ya rangi nyeupe au ya manjano na watu wa yadi iliyoifungua. Mnunuzi makini huanza kwa kufungua kifuniko cha oili na kuchungulia ndani: chuma chenye rangi ya asali ni dalili ya injini iliyobadilishwa oili kwa wakati, ilhali masizi meusi mazito humwambia aondoke. Kisha hufungua plagi na kutazama iwapo ncha zake zina mafuta, jambo linaloashiria ringi za pistoni zilizochoka. Huzungusha injini kwa spana kubwa kwenye puli ya mbele huku kidole gumba kikiziba tundu la plagi ili kuhisi kama hewa inasukuma, na hurudia kwa kila silinda. Mwisho huangalia rangi ya bolti: bolti zenye alama mpya za spana kwenye kichwa cha injini huonyesha kuwa kuna aliyekwisha kuifungua, pengine Nairobi badala ya Japani, na dhamana ya neno "eksi-Japani" huishia hapo.

Njia ya spea kutoka bandarini hadi Gusii hupitia kwa kiasi kikubwa Nairobi, katika eneo la Grogan na Barabara ya Kirinyaga, ambako maduka yamebanana na kila moja hujivunia kipande chake. Baadhi ya mzigo hautoki Japani moja kwa moja, bali hupitia Sharjah katika Falme za Kiarabu, ambako yadi kubwa za spea zilizotumika huwahudumia wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waliozoea kwenda huko tangu zamani. Wapo wanaoagiza noskati, yaani nusu ya mbele ya gari iliyokatwa kwa msumeno ikiwa na injini, giaboksi, radieta, taa na nyaya zake zote, ambayo humfaa fundi anayetaka kufufua gari lililogongwa kwa sababu kila kipande kimetoka kwenye mwili mmoja. Grogan pia imebeba kwa muda mrefu sifa mbaya ya spea za wizi, hasa vioo vya pembeni na taa, na mnunuzi anayeletewa kipande kwa bei ya kushangaza bila risiti anapaswa kujua kwamba huenda ananunua kilio cha mwenzake.

Swali ambalo huulizwa na wenye jamaa ng'ambo ni iwapo mtu anayezuru Japani kwa masomo, kazi au matembezi anaweza kujitafutia spea huko. Jibu ni ndiyo, kwa mipaka. Mgeni hukutana kwanza na maduka ya Up Garage, mtandao wa maduka ya vifaa vya magari vilivyotumika ulioanzishwa mwaka wa 1999, ambako rimu, tairi, viti, redio, shokomzoba na mabomba ya moshi hupangwa rafuni kama vitabu, kila kimoja kikiwa na lebo ya bei, hali yake na gari kilikotoka. Hakuna kubembelezana bei kwa namna ya soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Maduka hayo, hata hivyo, yamewekwa kwa ajili ya mpenda magari anayetaka kulipamba au kuliongezea nguvu gari lake, na anayetafuta mkono wa chini wa NCP51 huenda akatoka mikono mitupu.

Mahali panapomfaa zaidi ni kaitai, yadi ya kuvunja magari, ambayo kwa sheria ya kurejeleza magari lazima iwe na kibali na hulazimika kuondoa gesi na mifuko ya hewa kwa utaratibu maalumu. Yadi nyingi huwa nje ya miji, na zipo zinazoendeshwa na wahamiaji, hasa Wapakistani, waliojikita kwa miaka mingi katika biashara ya kusafirisha magari, kwa mfano katika jiji la Imizu, mkoani Toyama. Humo namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye karatasi hufanya kazi ambayo Kijapani cha mgeni hakiwezi kufanya. Koili, vihisi, swichi, kompyuta ya injini na taa ni vitu vyepesi vinavyoingia katika sanduku la safari, mradi vitangazwe forodhani. Mfuko wa hewa wa usukani haupakiwi kwa sababu una kilipuzi ndani yake, na injini yenye mabaki ya petroli haikubaliwi kama mzigo wa abiria wa ndege. Vitu vizito huachiwa kontena, na kontena huachiwa wafanyabiashara.

Mgeni huyo akitaka pia kuona magari yenyewe, Daikoku haimkaribishi bila gari, kwa kuwa maegesho hayo yamo ndani ya barabara kuu ya kulipia na mtembea kwa miguu haruhusiwi kuingia. Polisi huyafunga mapema usiku wa wikendi umati unapozidi. Wapo wenyeji waliojitolea kuwabeba watalii kwa malipo wakitumia magari ya binafsi, ilhali Japani hutenganisha magari ya biashara kwa namba za kijani na ya binafsi kwa namba nyeupe. Kubeba abiria wa kulipa kwa namba nyeupe ni kosa, na lina jina lake, shirotaku. Msomaji wa Nyamira hatahitaji kufafanuliwa zaidi jambo hilo.

Kinachoweza kumshangaza mgeni huyo zaidi ni kuikuta Probox yenyewe katika utamaduni huo. Wapo Wajapani wanaoipenda hasa kwa sababu ya ukavu wake, wakaiinua, wakaifunga tairi za matope na vichanja vya mizigo juu ya paa, na kuionyesha kama gari la kwenda kupiga kambi; magari ya kazi yaliyogeuzwa hivyo huonekana hata katika Tokyo Auto Salon, maonyesho ya kila Januari yaliyoanza mwaka wa 1983. Katika Ikonge gari huinuliwa pia, kwa kuweka vipande vya kati juu ya springi au kubadilisha springi zenyewe kwa ngumu zaidi, na huwekewa vichanja juu ya paa, bampa ya chuma na maandishi ya jina la mtoto au aya ya Biblia kwenye kioo. Tofauti ni kwamba Mjapani huinua gari lake Jumamosi ili lifanane na la kazi ngumu, na dereva wa Ikonge huliinua ili tumbo lake lisichubuliwe na jiwe lililolala katikati ya njia ya Magwagwa. Ukiulizwa ni nani kati yao anayeifahamu Probox zaidi, jibu la haki lazima limpendelee huyu wa pili, ambaye ameiona ikivunjika kila mahali inapoweza kuvunjika.

Umbo jipya la NCP160 limeanza kuonekana katika eneo hili, na mapokezi yake ni ya tahadhari. Giaboksi ya CVT hutaka oili yake maalumu, na makosa ya kuiwekea oili ya giaboksi ya kawaida yameua nyingi kabla ya wakati. Isitoshe, kupanda mlima mrefu gari likiwa limejaa kupita kiasi huipasha joto ambalo haikuundiwa. Baadhi ya mafundi hukataa kabisa kuifungua na kushauri ibadilishwe nzima. Hofu hiyo itapungua maarifa yakienea, kama ilivyopungua hofu ya injini za kompyuta zilipochukua nafasi ya zile za kabureta, lakini mafunzo hayo hayawezi kuachiwa makosa ya barabarani pekee, na vyuo vya kiufundi vya kaunti hizi vingefanya vyema kuwa na giaboksi moja ya CVT iliyofunguliwa mezani kwa wanafunzi kuishika.

Lipo jambo moja ambalo msako wa spea hauwezi kulisuluhisha, nalo ni breki. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ipo tangu mwaka wa 2008, lakini pedi bandia zenye boksi linalofanana na la Toyota bado huuzwa, na gari lililozidiwa mzigo likishuka mteremko wa Gusii wakati wa mvua halimsamehe aliyenunua kwa kuangalia boksi. Mwenye Probox ya umbo la zamani apige picha ya kibati cha chesisi na aiweke kwenye simu, aende dukani na kipande kuukuu mkononi ili kilinganishwe na kipya, adai risiti yenye jina la duka, na injini aikague mwenyewe au pamoja na fundi anayemwamini kabla ya kutoa pesa. Bushi, shafti, taa, milango na hata injini anaweza kununua za eksi-Japani. Pedi, viatu na mipira ya breki anunue mipya, kwa namba, kutoka kwa muuzaji anayeweza kumrudia kesho.